Kufurika kwa Bafa za Herufi katika C: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Mfano utakaotumika katika mwongozo huu ni programu ndogo ya kukatia tiketi za basi mkoani Tabora. Aliyeiandika alikuwa na orodha ya Tabora, Igunga, Urambo, Kaliua na Nzega, akaona kwamba jina refu kuliko yote lina herufi sita, akaongeza baiti moja kwa ajili ya sifuri inayofunga kila mfuatano wa herufi katika C, na hivyo akatenga baiti saba kwa kila jina:

```
struct tiketi {
    char kutoka[7];
    char kwenda[7];
    int  nauli;
};
```

Kwa majina hayo matano hesabu ni sahihi. Sikonge, hata hivyo, ina herufi saba, na pamoja na ile sifuri ya mwisho, ambayo hapa itaitwa kifungio, inahitaji baiti nane. Fanksheni ya `strcpy`, inayonakili mfuatano wa herufi, haina njia ya kujua kwamba `kutoka` ina nafasi ya baiti saba tu, kwa sababu kinachoifikia ni anwani ya mwanzo wa bafa, yaani eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa ajili ya herufi, bila ukubwa wake. Itaendelea kunakili mpaka ikutane na kifungio cha chanzo, na baiti inayozidi itaangukia kwa jirani yeyote aliyepo. Ugumu wote wa makosa haya unatokana na jambo hilo: dalili huonekana kwa aliyevamiwa, wala si kwenye mstari uliovamia. Kwa hiyo mbele ya kila dalili swali la kwanza la kuuliza ni hili: katika kumbukumbu, ni kitu gani kinachokaa mara tu kabla ya kile kilichoharibika?

Dalili: majina mawili yameungana, jina limepotea, au namba imekuwa isiyowezekana

Tuseme programu inajaza `nauli` kwanza, kisha `kutoka`, kisha `kwenda`, na inatumia `strcpy` bila ukaguzi wowote. Abiria anayetoka Sikonge kwenda Tabora atapewa tiketi inayosema kwamba anatoka "SikongeTabora". Kilichotokea ni kwamba kifungio cha Sikonge kiliandikwa kwenye baiti ya kwanza ya `kwenda`, kisha herufi T ya Tabora ikakifuta, na `printf` ilipoanza kusoma `kutoka` haikukuta pa kusimama hadi mwisho wa jina la pili. Ukibadilisha mpangilio wa kujaza, yaani `kwenda` ikatangulia, dalili nayo inabadilika: mahali pa kwenda panachapishwa patupu, kwa kuwa sasa kifungio ndicho kilichokuja mwisho na kukalia herufi ya kwanza.

Linalochanganya zaidi ni kwamba abiria anayekwenda Sikonge, badala ya kutoka huko, hapati tatizo lolote. Sehemu mbili za majina zinachukua baiti 14, lakini `int` yenye baiti 4 hupangwa kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, hivyo kompaila huacha baiti mbili tupu na kuiweka `nauli` kuanzia baiti ya 16. Kifungio kilichozidi kinaangukia kwenye pengo hilo na hakimdhuru mtu. Mjaribu aliyejaribu safari ya kwenda pekee ataapa kwamba programu ni nzima.

Sasa mtu aandike "Kigoma Ujiji" kama mahali pa kwenda. Jina hilo lina herufi 12 tukihesabu na nafasi iliyo katikati, na pamoja na kifungio ni baiti 13, ambazo zinavuka pengo na kuikalia `nauli` yote. Kwenye kompyuta za kawaida za Intel au AMD, nauli itasomeka 6908521, hata kama iliyowekwa awali ilikuwa kiasi cha kawaida. Namba ya aina hiyo usiichukulie kama takataka. Ichapishe kwa mfumo wa hesadesimali kwa `%x`, nawe utaona 696a69. Na kwa kuwa 69 ni msimbo wa herufi i na 6a ni wa herufi j, namba hiyo ni "iji", yaani mkia wa Ujiji. Kompyuta hizi huhifadhi baiti ndogo kwanza, hivyo kwa kawaida herufi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa bahati "iji" inasomeka vilevile pande zote mbili. Herufi ndogo zote za a hadi z ziko kati ya 61 na 7a, na herufi kubwa kati ya 41 na 5a. Ukizikuta ndani ya namba, au ndani ya anwani ambako programu imezimikia, kuna maandishi yaliyomwagika, na mara nyingi unaweza kuyasoma na kujua ni maandishi yapi.

Kumpata mvamizi baada ya hapo ni kazi ya `gdb`, chombo cha kufuatilia programu hatua kwa hatua. Kama tiketi yako inaitwa `t`, andika `watch t.nauli`, kisha `continue`. Programu itasimama kila thamani hiyo inapobadilika. Mara ya kwanza itakuwa halali. Mara ya pili utajikuta ndani ya `strcpy`, na amri ya `bt` itakuonyesha mstari wako ulioiita.

Kuna tahadhari hapa ambayo wengi huikosa. Kifaa cha AddressSanitizer, kinachokagua matumizi ya kumbukumbu programu inapoendeshwa na kinachosifiwa kwa haki, hakioni uvamizi wa sehemu moja ya `struct` kwenda sehemu nyingine ya `struct` hiyohiyo, kwa sababu huweka maeneo ya ulinzi kuzunguka kitu kizima na si kati ya sehemu zake. Kinachoweza kuuona ni ukaguzi wa glibc, maktaba ya kawaida ya C kwenye Linux, ambao hufanya kazi pale tu kompaila inapoagizwa kuboresha msimbo:

```
gcc -g -O2 -Wall -Wextra -U_FORTIFY_SOURCE -D_FORTIFY_SOURCE=2 tiketi.c -o tiketi
```

Programu iliyojengwa hivyo itajizima kwa ujumbe wa `*** buffer overflow detected ***` mara tu `strcpy` inapozidi, mradi kompaila iliweza kujua ukubwa wa lengo mahali hapo. Kama bafa ilipitishwa kwa pointa, yaani anwani yake tu, hadi fanksheni nyingine iliyo kwenye faili jingine, ukubwa haujulikani tena na ukaguzi haufanyiki.

Dalili: ujumbe wa "stack smashing detected"

```
char jina[8];
scanf("%s", jina);
```

Hapa bafa ni ya ndani ya fanksheni, na inakaa kwenye staki, yaani kumbukumbu ya vigeu vya ndani vya fanksheni, karibu na anwani ambayo fanksheni itarudia ikimaliza. Kompaila huweka kati yao thamani ya siri ya mlinzi, na mlinzi hukaguliwa fanksheni inapotaka kurudi. Jambo la kukumbuka ni huo wakati wa ukaguzi: fanksheni inaweza kuwa imekwisha kufanya kila kitu, imechapisha tiketi na kuhifadhi rekodi, ndipo ujumbe utokee. Mstari wa mwisho uliochapishwa hauna hatia. Chunguza kila bafa ya ndani ya fanksheni iliyokuwa ikirudi, na kila fanksheni iliyopewa anwani ya bafa hizo.

Kutoonekana kwa ujumbe nako si uthibitisho wa usalama. Kwenye Linux ya biti 64, baiti ya kwanza ya mlinzi huwa sifuri kwa makusudi, ili maandishi yasiyofungwa yasisomwe hadi kumfichua. Kwa hiyo, bafa ya baiti nane ikiwa imepakana na mlinzi, kama inavyokuwa kwa kawaida, jina la Mwandiga lenye herufi nane litaandika sifuri juu ya sifuri na mlinzi hataona chochote, ilhali Mwamgongo, lenye herufi tisa, litaizima programu fanksheni inapotaka kurudi. Ukiambiwa kwamba programu "inakataa majina marefu sana tu", shuku kwamba inakosea pia kwa jina fupi kwa herufi moja.

Tiba ya mstari wenyewe ni kuandika kikomo, `scanf("%7s", jina)`, ambapo 7 ni ukubwa wa bafa ukitoa kifungio. Hata hivyo `%s` husimama kwenye nafasi, hivyo Kigoma Ujiji itakuwa Kigoma peke yake, na kwa majina ya watu na mahali mimi naona `scanf` si chombo kinachofaa kabisa.

Na kama msimbo una `gets`, usitafute zaidi. Fanksheni hiyo haina namna yoyote ya kupewa kikomo, na iliondolewa kwenye lugha katika kiwango cha mwaka 2011. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulisambaa nchini Marekani kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa programu ya `fingerd`, iliyosoma kwa `gets` ndani ya bafa ya baiti 512. Mnyoo uliipelekea baiti 536, na hizo 24 za ziada zilitosha kubadilisha anwani ya kurudi. Baadhi ya vitini vya C vinavyoendelea kutolewa fotokopi kwenye steshenari zetu bado vinaanza na `gets` katika mfano wa kwanza wa kusoma jina, na mwanafunzi anayenakili kwa uaminifu hastahili kulaumiwa.

Dalili: programu inazimika kwenye `free` au `malloc`

Ujumbe wa `free(): invalid pointer`, `free(): invalid next size` au `malloc(): corrupted top size` humfanya mtu aichunguze pointa iliyotajwa, naye huikuta safi. Mkosaji wa kawaida ni huyu:

```
char *nakala = malloc(strlen(jina));
strcpy(nakala, jina);
```

Baiti ya kifungio haikuombewa nafasi. Kinachofanya kosa hili liishi muda mrefu ni ukarimu wa glibc: kwenye mashine ya biti 64, ombi lolote dogo hupewa angalau baiti 24 zinazotumika, na baada ya hapo 40, kisha 56, yaani kwa hatua za 16. Jina la herufi 10 lililoombewa baiti 10 kumbe lina 24, na kifungio kinakaa bila shida. Ni pale urefu unapokuwa 24, 40 au 56 kamili ndipo kifungio kinapoangukia kwenye taarifa za ukubwa za kipande kinachofuata, na hata hapo hakuna kinacholia mpaka kipande hicho, ambacho huenda kinamilikiwa na sehemu tofauti kabisa ya programu, kitakapoachiliwa. Programu inayokosea kwa urefu fulani tu na kupona kwa mrefu zaidi yake ina dalili ya kosa hili.

Hapa AddressSanitizer ndiyo jibu:

```
gcc -g -O1 -Wall -Wextra -fsanitize=address tiketi.c -o tiketi
```

Itaripoti `heap-buffer-overflow`, itaonyesha mstari ulioandika, na chini yake mstari ulioomba kumbukumbu. Ukisoma kwamba kilichoguswa kiko "0 bytes after" eneo lililotengwa, yaani mara tu baada ya mwisho wake, kosa ni la kifungio. Kwenye Ubuntu huja pamoja na kompaila, kwa hiyo hakikugharimu bando. Valgrind, ambayo lazima uipakue, hugundua makosa ya hipu, yaani kumbukumbu inayoombwa kwa `malloc`, hata katika programu ambayo huwezi kuijenga upya, lakini huifanya iende polepole sana na haioni kufurika kwa bafa za staki. Marekebisho yenyewe ni `malloc(strlen(jina) + 1)`, au bora zaidi `strdup(jina)`, pamoja na kukagua kama jibu ni `NULL`.

Dalili: mwisho wa jina kuna herufi za ajabu, ingawa umetumia `strncpy`

`strncpy` ina sifa isiyoistahili. Chanzo kikiwa na urefu sawa na kikomo au zaidi, haiweki kifungio kabisa. Kikiwa kifupi, hujaza sifuri hadi mwisho wa bafa. Tabia hiyo inaeleweka ukikumbuka kwamba ilitungwa kwa ajili ya sehemu zenye upana usiobadilika, kama majina ya faili ya baiti 14 katika saraka za Unix ya zamani, ambako jina lililojaza nafasi yote halikuhitaji kifungio. Kuitumia kama `strcpy` iliyo salama ni kuitwisha kazi isiyo yake. `strncat` nayo inapotosha kwa upande mwingine: kikomo chake ni idadi ya herufi za kuongeza, si ukubwa wa bafa, na kifungio huongezwa juu ya hapo, hivyo `strncat(b, s, sizeof b)` ni furiko lililoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Fanksheni ya `snprintf`, iliyoingia kwenye kiwango cha mwaka 1999, hufunga daima ukiipa ukubwa usio sifuri, na hurudisha urefu ambao ungehitajika. Jibu hilo lazima lisomwe: likiwa hasi kuna kosa, na likiwa sawa na ukubwa wa bafa au zaidi, maandishi yamekatwa. `strlcpy`, iliyotoka OpenBSD mwaka 1998, hufuata wazo hilohilo na imekuwemo katika glibc tangu toleo la 2.38 la mwaka 2023, hivyo kwenye mashine zenye mfumo wa zamani hutaikuta.

Lakini kukata si kutatua. Jina lililokatwa kimyakimya halizimi programu, na kwa sababu hiyo linaweza kuwa baya kuliko furiko lenyewe: "Kigoma Ujiji" iliyokatwa kwa baiti saba inakuwa "Kigoma", jina halali kabisa, na hakuna atakayeshtuka. Kwa kazi ya aina hii naona ni heri kukataa kuliko kukata:

```
bool nakili(char *lengo, size_t ukubwa, const char *chanzo)
{
    size_t n = strlen(chanzo);
    if (n >= ukubwa)
        return false;
    memcpy(lengo, chanzo, n + 1);
    return true;
}
```

Anayeiita analazimika kuamua la kufanya jina lisipoenea, na uamuzi huo ni wa mwenye programu, si wa maktaba.

Dalili: kila jina linakatwa kwenye herufi ya saba, hata bafa ikiwa kubwa

Namba saba inakusaliti. Safu inapopitishwa kwenye fanksheni hugeuka pointa, na `sizeof` ya pointa kwenye mashine ya biti 64 ni 8 daima, hata kama umeandika `char jina[64]` kwenye orodha ya vigezo. Nane kutoa kifungio ni saba. Bafa ikiwa ndogo kuliko nane, kosa hilohilo linageuka kuwa furiko. GCC hutoa onyo kuhusu jambo hili hata bila kuombwa, lisome. Pitisha ukubwa kama kigezo cha pili, kama `nakili` inavyofanya, na `sizeof` itumike pale tu safu ilipotangazwa.

Dalili: swali la pili linarukwa

Mtumiaji anaandika Sikonge, na kabla hajaulizwa mahali pa kwenda, programu inalalamika kwamba hakuandika kitu. Hili si furiko, bali ni mabaki ya kinga sahihi dhidi ya furiko. `fgets` yenye bafa ya baiti nane husoma herufi saba, na alama ya mstari mpya inabaki ikingoja msomaji anayefuata. Kama bafa haina `'\n'` baada ya kusoma, mstari haukuisha, na masalia yatupwe:

```
size_t n = strcspn(mstari, "\n");
if (mstari[n] == '\n') {
    mstari[n] = '\0';
} else {
    int c;
    while ((c = getchar()) != '\n' && c != EOF)
        ;
}
```

Baada ya kuyatupa, kama yalikuwa na kitu zaidi ya alama ya mstari mpya, mwambie mtumiaji kwamba jina ni refu mno na umuulize tena. Kama mfumo wako unafuata POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix kama Linux, `getline` itatenga nafasi inayotosha mstari wote na kukuondolea hesabu hii, kwa sharti la kuiachilia kumbukumbu kwa `free`.

Dalili: kosa linatoweka ukiongeza `printf`, au linaonekana kwenye kompyuta moja tu

Kuongeza mstari hubadilisha mpangilio wa bafa kwenye staki, na aliyevamiwa anakuwa mwingine. Ni ushahidi kwamba kosa la kumbukumbu lipo, na usikubali "limeisha". Jenga upya kwa AddressSanitizer, na kwa `_FORTIFY_SOURCE` katika ujenzi wa pili tofauti, kwani viwili hivyo haviendi vizuri pamoja.

Dalili: jina linaloonekana fupi halienei

Tuseme nafasi za majina zimepanuliwa hadi baiti nane ili Sikonge ienee. Kata ya Ng'ambo, Tabora mjini, ina alama saba machoni, na ikiandikwa kwa kibodi ya kompyuta inachukua baiti saba na kifungio. Ikinakiliwa kutoka kwenye waraka uliochapwa kwa programu inayopinda alama ya king'ong'o, alama hiyo peke yake inakuwa baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kawaida wa kuhifadhi maandishi, yaani e2, 80 na 99, na jina linahitaji baiti kumi. `strlen` huhesabu baiti, kwa hiyo `nakili` italikataa bila kudhuru kitu, wakati `snprintf` italikata na kupoteza herufi mbili za mwisho, na kama kikomo kingeangukia katikati ya zile baiti tatu, kilichobaki kingechapishwa kama alama ya kuuliza ndani ya msambamba mweusi. Njia nyepesi ni kubadilisha baiti hizo tatu kuwa `'` moja ya kawaida mara tu mstari unaposomwa, kabla ya kupima urefu, na kuifanya kazi hiyo mahali pamoja tu katika programu nzima.